Mapigo ya Moyo ya Asli

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hamdia na rafiki yake Asli walitakiwa kuketi kimya dakika kumi, kila mmoja nyumbani kwao, wakifuata pumzi zao. Kisha walihesabu mapigo ya moyo na kuyaandika daftarini. Huo ndio uliokuwa mradi wao wa maonyesho ya sayansi mjini Isiolo.

Wazo lilitoka kwa Mwalimu Gichunge. Aliwasomea habari za watawa wa Kibuddha waliotafakari miaka mingi. Wanasayansi waliwabandika nyaya kichwani, wakaona mawimbi fulani ya ubongo yakiwa na nguvu kuliko ya watu wasiofanya mazoezi hayo.

"Dini yao ni yao," mwalimu alisema. "Sisi tutapima utulivu tu: je, mapigo ya moyo yatashuka?"

Wiki ya kwanza Hamdia alijitahidi. Wiki ya pili usingizi ulimshinda. Akawa anaamka, anachukua kalamu na kubuni: themanini na nane, themanini na nne, sabini na tisa. Namba zikashuka vizuri kama ngazi.

Siku tatu kabla ya maonyesho, Asli alilinganisha madaftari yao, akanyong'onyea. Kesho yake alimwambia Hamdia:

"Mapigo yako yanashuka, yangu yanarukaruka kama mbuzi. Mwambie mwalimu nimejitoa. Kichwa changu kina kasoro."

Hamdia alijua Asli hakukosa zoezi hata siku moja, hata mama yake aliposafiri kwenda Kulamawe akamwachia wadogo zake.

"Asli, usijitoe. Namba zangu ni za uongo."

"Zote?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na mimi jana nimelia mpaka nikashindwa kula!" Asli alisema, akampa kisogo.

Hamdia mwenyewe alipeleka daftari lake kwa mwalimu, akamweleza yote.

"Tutaondolewa, Mwalimu?"

"Uongo ndio utakaoondolewa."

Ubaoni walibandika namba za Asli peke yake. Chini yake Hamdia aliandika: "Mshiriki wa pili aliacha siku ya nane." Hawakupata zawadi, lakini mwamuzi mmoja alisimama hapo kwa muda mrefu akimuuliza Asli maswali, na Asli akajibu yote. Wakati wa kukunja karatasi, Asli alimwita Hamdia amshikie upande mmoja.

Mwalimu Gichunge aliwatazama.

"Watawa wale walikaa maelfu ya saa," alisema. "Ubongo hubadilishwa na kazi uliyoifanya, Hamdia, si kazi uliyoiandika."