Ndoo ya Ziwa Marashi

"Hivi Sadia, huyo Bwana Mbu akikuoa, mtalala kitandani au ndani ya pipa la mafuta?"

Swali hilo Kadzo alimwuliza jirani yake siku moja ya soko, huku akigeuza mahamri karaini, na wote waliokuwapo wakacheka isipokuwa Sadia mwenyewe. Sadia alikuwa amechoka na maswali. Garsen ya miaka ile ya hamsini ilikuwa mji mdogo. Mtu akipiga chafya kivukoni anaombewa dua sokoni. Na kwa mwezi wa pili sasa mji mzima haukuwa na shughuli ila kuuliza habari za Sadia na Dado, huyo Bwana Mbu.

Taabu yote ilianzia ziwani.

Nyuma ya maduka palikuwa na ziwa. Zamani mto Tana ulipita hapo, kisha ukabadili nia, ukaiacha kona yake nyuma kama msafiri aliyesahau mzigo. Maji mapya hayakuingia ila wakati wa mafuriko, na yaliyokwisha ingia hayakuwa na pa kutokea. Vilivyoingia kila siku ni vingine: matumbo kutoka machinjioni, grisi ya malori yaliyongoja pantoni ya kuvukia mto, punda mmoja aliyekufa ambaye kila mtu aliapa si wake, na ngozi za ng'ombe za Mzee Shee, zilizolowekwa hapo kabla ya kuanikwa. Rangi ya maji ilikuwa ya chai ya juzi. Watu wakaliita Ziwa Marashi, na mgeni akiuliza liko wapi aliambiwa, "Fuata pua." Ilisemwa hata mamba walilikimbia. Wengine walidhani ni mzaha, lakini mtoni mamba walikuwapo na ziwani hawakuwapo, na ndiyo sababu wanawake walikubali kufua pale, leso zimewaziba pua hadi machoni.

Siku hiyo ya kwanza Sadia alikuwa akisuuza kanzu ya ami yake, Mzee Shee mwenyewe mwenye ngozi. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, yatima wa baba, aliyeletwa kutoka Kipini kumtunzia ami nyumba. Alijifunga leso nyekundu yenye maua meupe, kikuba cha asmini nyweleni, kisichofaa kitu mbele ya Marashi. Mara akasikia "fsss", na mafuta meusi yakamwagika juu ya kanzu.

"We bwana! Huoni?"

Kijana mmoja mrefu alisimama juu yake, kaptula ya kaki imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, helmeti kichwani, bomba la dawa mgongoni.

"Samahani, bibi. Naua mbu."

"Mbu wako huvaa kanzu?"

"Nanyunyizia mafuta kuua viluwiluwi. Sikukuona."

"Hukuniona! Mtu mzima na leso nyekundu! Hii ni kanzu ya ami yangu ya kuswalia Ijumaa. Mzee Shee, wamjua?"

Kijana akalitua bomba. "Namjua sana. Ngozi zake ndizo zinazonipa kazi. Mbu wanajificha chini yake. Nimemwendea mara tatu kumwambia azitoe."

"Ni wewe uliyemwambia ami azitoe? Akasemaje?"

"Akanitoa mimi."

Sadia hakutaka kucheka, lakini alicheka, na akicheka mbele ya Marashi mtu huvuta pumzi asiyoitaka. Akakohoa hadi machozi. Dado akampa leso yake ya mkononi, akachukua kanzu, akaenda kuifua mwenyewe kwa sabuni ya mche mara tatu. Ilirudi nyeupe lakini ikinuka mafuta ya taa. Ijumaa ile Mzee Shee aliswali safu ya mbele, na walio kuliani na kushotoni mwake walisogea kidogokidogo mpaka akabaki na nafasi ya watu wanne.

Dado alikuwa Mpokomo wa juu, upande wa Hola, Mwislamu wa watu wanaoswali. Alikaa Mombasa miaka mitano bandarini, akarudi na Kiswahili cha Mombasa na majivuno yake yote. Alipoajiriwa kunyunyizia madimbwi, watu wakamwita Bwana Mbu. Kila jioni kabla ya magharibi alipita kwa Kadzo kununua mahamri asiyoyahitaji.

"Leo umekula mangapi, Bwana Mbu?" Sadia alimwuliza kutoka dirishani kwa ami yake.

"Manane, Bibi Marashi. Nikila la tisa, mtakuja kunizika wewe na Kadzo."

"Hatukuziki. Tutakutia ziwani na yule punda."

"Basi nitakuwa karibu na wewe kila ukija kufua, roho yangu."

"Lo! Kadzo, msikie huyu!"

"Namsikia tangu mwezi uliopita, mwanangu," Kadzo akasema. "Masikio yangu yameota sugu. Mwambie alete posa, au aniachie mahamri yangu niwauzie wenye njaa."

Dado alitaka kuposa, lakini aliogopa. Angemwendeaje mtu kumwomba binti asubuhi, na jioni arudi kumwambia atoe ngozi? Akasema angoje kidogo. Wanaume na kungoja kwao!

Wakati yeye anangoja, posa ikaja kutoka Kipini. Mfanyabiashara mmoja wa huko, mtu mzima mwenye wake wawili, alimtaka Sadia. Mzee Shee alimwuliza mwari wake mlangoni, adhuhuri ya Jumanne, pepo zinavuma kutoka ziwani na ngozi zimetolewa majini kuanikwa. Sadia alikuwa ameziba pua na mdomo kwa leso, pumzi ameizuia. Alimtazama tu. Ami akangoja, naye hakujibu.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Shee. "Mwari akiulizwa akanyamaza, ameridhia." Akaondoka upesi, maana naye pumzi zilimwishia.

Sadia alipotoa leso alibaki anaongea na mlango. Usiku kucha alimfuata ami kwa maneno, na ami akamjibu kwamba jibu la kwanza ndilo jibu, na kwamba mtumbwi ungeondoka Ijumaa baada ya swala, upite Kau mpaka Kipini.

Jumatano asubuhi akaandika karatasi kwa penseli, akampa Kadzo ampelekee Dado. Kadzo hakujua kusoma, akaikunja, akaitia matitini, akaifikisha kama ilivyo. Nayo ilisema:

*Ndoo ziwani leo alasiri. Usikose. Ni maisha yangu. Sadia.*

Sasa, sokoni Sadia alisema Kiswahili cha kila mtu, cha kuuzia na kununulia. Lakini hofu ikimshika aliandika kama alivyofunzwa na mamake. Dado aliisoma mara mbili, akatabasamu. Jumatatu iliyopita ndoo ya Sadia ilikuwa imetoka kitako, ikazama Marashi, naye alilalama jioni nzima kwamba nyumba ya ami bila ndoo haina maisha. Maskini, Dado akawaza, mpaka ameniandikia! Akaenda dukani akanunua ndoo ya bati mpya, inayong'aa hata ukajiona meno. Alasiri hiyo alitakiwa kijiji cha Wema kunyunyizia mashamba ya mpunga, basi akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akatia ndani limau la kuondolea harufu na kikaratasi: *Hii hapa, mpenzi. Itumie kwa raha. Naenda Wema, nitarudi kesho.*

Alasiri Sadia akafika na buibui lake, moyo unamwenda mbio. Akasimama. Akakaa. Nzi wakamzoea. Akaiona ndoo, akakisoma kikaratasi, akakisoma tena. Yeye amemwandikia mtu kwamba maisha yake yanakwisha, na mtu huyo amemletea ndoo na kumwambia aitumie kwa raha! Akaipiga teke ndoo ya watu. Ikaelea kidogo, ikazama kwa sauti ya kuchoka.

Alhamisi jioni Dado alirudi, vumbi hadi kopeni, akaenda moja kwa moja chini ya dirisha.

"Bibi Marashi! Umeipenda?"

"Nimependa nini?"

"Ndoo."

"Dado, usinichokoze. Niliandika nini mimi?"

"Uliandika ndoo."

"Niliandika ndoo! Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaleta ndoo!"

"Niliandika *ndoo*, Dado! Ziwani, alasiri!"

"Na ndoo ilikuwapo ziwani, alasiri! Mpya! Ulitaka ndoo ya namna gani, ya dhahabu?"

Sadia akamtazama mtu huyu kama anamwona mara ya kwanza. Kule Mombasa watu walikuwa na mtindo wa kuwacheka watu wa Kipini na Lamu kwa matamshi yao. Alikuwa amesikia. Hakudhani Dado ni mmoja wao, tena katika siku kama ile.

"Basi mimi ni mshamba," akasema polepole. "Wanichezea maneno yangu. Kesho naenda Kipini kuolewa. Endelea kucheka."

"Kuolewa? Na nani? Sadia! Kosa langu ni lipi, ndoo ni ndogo?"

Dirisha likafungwa kwa kishindo, chokaa ikamwangukia kwenye helmeti.

Ijumaa watu walipotoka msikitini, Dado alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Kadzo. Hakuwa amelala wala hakuwa amenyoa. Mahamri sita yalikuwa mbele yake hayajaguswa.

"Nimempa ndoo nzuri kuliko zote dukani," alimwambia Kadzo kwa mara ya kumi. "Ananiambia namchezea."

"Hee, mwenehu, ndugu yangu, usinirudishie hiyo ndoo. Nimeichoka."

Ng'ambo ya njia, mwenye mtumbwi alikuwa tayari mlangoni kwa Mzee Shee na sanduku la Sadia begani. Mzee Shee akatoka barazani, akageuka nyuma, akaita kwa sauti ya safu ya mbele:

"Sadia! Ndoo hapa! Watu wangoja!"

Sadia akatoka na buibui lake, mikono mitupu, macho yamevimba.

Dado akainua kichwa. "Mbona hakuleta?"

"Kuleta nini?"

"Ndoo. Ami yake amemwambia alete ndoo."

Kadzo akaacha kijiti kizame karaini. Akamtazama Dado, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Weye! Miaka mitano Mombasa! Hawa wa Kipini hawasemi *njoo*. Wakisema *ndoo*, wanakuita wewe!"

Dado alisimama, kigoda kikaanguka. Wenye kuona wanasema hakuvuka njia ile, aliiruka. Akapanda barazani kwa Mzee Shee na viatu vyake, kisha akakumbuka, akashuka kuvivua, akapanda tena.

"Sadia, uliniita!"

"Sasa ndiyo waja kuniambia?"

"Mimi nilisoma ndoo! Ndoo ya maji! Kwetu ndoo ni ya maji!"

"Na *njoo* je, kwenu ni nini?"

"Njoo ni njoo! Sadia wangu, ningejua unaniita ningekuja na bomba mgongoni, ningeacha Wema nzima iliwe na mbu!"

Sadia alifungua mdomo kumtukana, tusi likatoka kama kwikwi. Akajifunika uso kwa ukaya wa buibui. Mabega yakatikisika, na mwenye mtumbwi hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Na ndoo yangu?" Dado akauliza.

"Iko Marashi. Nimeitia teke."

"Basi!" Mzee Shee akagonga bakora sakafuni. "Huyu mwari amekwisha ridhia mwingine. Nilimwuliza, akanyamaza."

"Ami, nilikuwa nimeziba pua!" Sadia akafunua uso. "Upepo ulitoka kwa ngozi zako! Ningefungua mdomo ningekufa pale pale. Wewe mwenyewe uliondoka mbio. Hiyo ndiyo ridhaa? Mbele ya Mungu, ami, utamwambia mwenye kufungisha ndoa kwamba niliridhia kwa sababu ya uvundo?"

Mzee Shee alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa kuogopa Mungu. Akakaa. Akafuta jasho kwa kofia yake. Kisha macho ya biashara yakamrudia, akamgeukia Dado.

"Wamtaka?"

"Namtaka, ami. Nimekuja kuposa. Nimechelewa, lakini nimekuja."

"Vyema. Nitakuozesha. Sitakutaabisha kwa mahari. Lakini ngozi zangu uziache ziwani, usinijie tena na habari za viluwiluwi. Mkwe hamsumbui mkwewe. Tumeelewana?"

Sadia alimtazama Dado, vidole vimeshika ncha ya buibui. Alijua analotaka kusikia, na alijua likisemwa laweza kumpeleka Kipini. Dado alivuta pumzi, na hata pale barazani Marashi ilikuwapo.

"Ami, ziwa si langu, nitakuachiaje kitu kisicho changu? Watoto wa mji huu wanatetemeka homa kila mwezi. Ngozi zitoke Jumatatu. Na wazee wangu watakuja na posa Jumatano, ukiwapokea au ukiwafukuza."

"Mtu gani wewe!" Mzee Shee akafoka. "Nakupa mke, wanipa Jumatatu!"

"Ndiyo, ami."

"Bwana Mbu!"

"Ndiyo, ami."

Mzee Shee akamgeukia mwari wake. "Na wewe? Sema sasa, kwa mdomo, nisikie mimi na asikie huyu mwenye mtumbwi. Kipini, au huyu kichwa cha bati?"

"Huyu, ami," Sadia akasema, wala hakushusha macho. "Na ndiyo maana namtaka."

Njiani lori lilikuwa likipiga honi kuita pantoni. Mwishowe Mzee Shee akamwambia mwenye mtumbwi, "Litue hilo sanduku. Nenda zako Kipini, uwaambie leo huna abiria."

Akainuka, akavaa makubadhi yake, la kulia kushotoni, akayabadilisha. Kisha akachukua bakora, akashika njia ya ziwani kwenye ngozi zake.