Madoa ya Korosho kwenye Vijiko vya Mama Vania

Uvumi ulimkuta Asia bombani, ndoo yake ikiwa haijafika nusu. Aliyeuleta ni Shamimu, msichana aliyekaa dawati la nyuma yake darasa la sita. Habari zote za Magomeni, hapa Mtwara, zilipita kwa Shamimu kwanza kabla hazijawafikia wenyewe.

"Umesikia? Vijiko vya Mama Vania vinaunguza midomo. Vimepakwa dawa huko ng'ambo ya mto."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"We nawe! Watu ni watu. Mdogo wako mwenyewe si huyo, midomo imemvimba kama kambale?"

Wasichana waliopanga foleni wakacheka. Asia hakucheka, wala hakukasirika. Alijitwisha ndoo ikiwa nusu vilevile, akaenda zake. Maji yakamdondokea begani, asiyapanguse.

Kuna uvumi unaoingia sikio hili ukatokea lile. Huu ulikaa. Ulikaa naye kwenye hesabu, ukakaa naye wakati wa uji, ukakaa naye mpaka kengele ya mwisho. Maana vijiko vile Asia alivijua. Nusu yake ilipita mikononi mwake.

Mama Vania, ambaye jina lake hasa ni Ermelinda, alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta. Wazazi wake walitoka Msumbiji, wakavuka mto Ruvuma, wakalima Kilambo, upande wetu wa mto. Yeye alizaliwa hukohuko Kilambo, na ng'ambo alikwenda kwa harusi na misiba tu. Kazi yake ilikuwa kufunga vijiko vya plastiki, vile vya kutumia mara moja na kutupa. Vilikuja kutoka Dar es Salaam vimejaa kwenye mifuko mikubwa, vimechanganyika ovyo. Yeye alivipanga kimoja juu ya kingine, mipini yote upande mmoja, migongo yote upande mmoja, mpaka vinashikana na kuwa bunda moja lililonyooka. Kisha bunda alilizungushia mkanda wa karatasi.

Sababu ya kupanga hivyo ilikuwa kisanduku. Katika mgahawa wa Bwana Jafari, karibu na soko, kulikuwa na kisanduku cha vijiko kilichopigiliwa ukutani. Vijiko vikiisha, mhudumu anaingiza bunda zima kwa juu, anavuta mkanda unatoka, basi. Mteja akivuta mpini kwa chini, kinatoka kijiko kimoja. Hakuna mkono uliogusa upande unaoingia mdomoni. Lakini kijiko kimoja tu kikikaa kinyume, kisanduku kinakwama. Mhudumu atatia vidole vyake mle ndani kukikwamua, na usafi wote umekwisha.

"Usafi wa kile kisanduku unaanzia hapa barazani kwangu," Mama Vania aliwaambia Asia na binti yake Vania, walipoomba kumsaidia baada ya shule. "Kwa hiyo mvae glovu. Na mshike mpini tu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mama."

Vania alivaa. Asia naye alivaa, siku za mwanzo. Lakini glovu zilikuwa za watu wazima, zikampwaya, vijiko vikamteleza. Vania akawa anamwacha mbali.

"Konokono!" Vania alimtania. "Mimi bunda la pili, wewe bado unabembeleza kijiko."

Siku moja Mama Vania alipoingia ndani, Asia alizivua glovu akazikalia. Bila glovu akawa radi. Vania akakodoa macho.

"Mama akikuona!"

"Nimenawa," Asia akajibu.

Na kweli alikuwa amenawa. Kwa maji.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ulikuwa msimu wa korosho. Mama yake Asia, Mwanakombo, alileta korosho kutoka shamba la kaka yake kule Mtawanya, akazikaanga uani kwenye debe, akazibangua na kuziuza. Asia akitoka shule alikaa naye kubangua kwanza, kisha ndipo aende kwenye vijiko. Mtu wa Mtwara haambiwi juu ya mafuta ya ganda la korosho. Yanaunguza ngozi, yanaibabua, na doa lake la kahawia likishika nguo ndiyo limeshika. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu mikononi.

Lakini mkono ulioungua sana haulii tena. Vidole vya Asia vilikuwa vimeingia ganzi, ncha zake nyeusi na ngumu. Aliweza kuinua sufuria ya chai jikoni bila kitambaa, na mdogo wake Yusufu akamwona shujaa. Maji matupu hayaondoi mafuta yale. Yalibaki vidoleni, naye hakuyahisi. Akatoka kwenye maganda, akaenda kwenye vijiko, na kwa haraka zake akashika popote, hata upande unaoingia mdomoni.

Yusufu alikula mtindi kwa Bwana Jafari akitoka madrasa. Kesho yake midomo ikamvimba, ikatoa malengelenge. Watoto wengine wa mtaani nao vivyo hivyo.

Siku ile ya uvumi, Asia alipotoka shule, alikuta maboksi yamerundikwa barazani kwa Mama Vania. Bwana Jafari alikuwa amesimama, macho yake kwenye tairi la pikipiki yake.

"Sisemi ni wewe, dada Ermelinda. Lakini wateja hawagusi kijiko tena. Mimi nina mgahawa, sina hospitali."

"Hata kuniuliza, kaka?"

"Si ndiyo nakuuliza?"

"Hujaniuliza. Umenirudishia mzigo."

Bwana Jafari akawasha pikipiki akaondoka. Mama Vania akafungua boksi moja, akatoa bunda, akaligeuza. Kwenye mkanda mweupe kulikuwa na alama za kahawia. Kwenye vichwa vya vijiko pia. Vania alibandika mikanda yake kwa uji mzito. Asia alichomeka tu ncha ya karatasi ndani. Bunda lile lilikuwa limechomekwa. Na rangi ile ya kahawia Asia hakuhitaji kuambiwa, maana kona za madaftari yake yote zilikuwa nayo.

"Labda ni kutu ya gari lililobeba mzigo," Mama Vania alisema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Labda," Asia akasema.

Neno moja tu. Lilitoka kwa urahisi, kama kutema kokwa.

Nyumbani, mama yake alikuwa akimnywesha Yusufu uji wa baridi, kidogo kidogo. "Nikimpata huyo aliyevipaka dawa!" alisema. "Na yule mwanamke tumekula naye sahani moja." Asia alikaa akala ugali wake. Hakusikia ladha yake wala hakuuacha. Alikula mpaka ukaisha.

Siku zilizofuata, wanawake walipita mbele ya baraza la Mama Vania bila salamu. Darasani, aliyekaa na Vania alihama dawati. Asubuhi moja mtu aliweka kijiko cha plastiki juu ya daftari la Vania, na darasa zima likaguna, "Wuuu!" Vania alikichukua, akakitia mdomoni, akawatazama mmoja mmoja, kisha akakiuma mpaka kikavunjika.

Asia alikuwa akitazama. Alijua kwamba angepaswa kusikia kitu, aibu au huruma au hata hofu. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama vile kushika ile sufuria ya chai.

Jumamosi alimkuta Mama Vania anakunja godoro. Alikuwa anarudi Kilambo kwa kaka yake Mauricio. Baraza halina kazi, na nyumba ni ya kupanga.

Vania akatoka na mfuko mdogo. "Chukua," alisema. "Glovu zako. Bado mpya kabisa."

Hakusema kwa kejeli. Alidhani anampa rafiki yake zawadi ya kuagana. Asia alizipokea. Alizitazama zilivyo safi bila doa, kisha akaokota bunda moja lenye madoa kwenye boksi lililokuwa wazi, akaenda uani kwao. Mama yake alikuwa anakaanga korosho.

"Mama, si dawa. Ni mimi."

Akaweka bunda mbele yake. Mwanakombo aliliangalia. Akaangalia vidole vya mwanawe, kisha vyake mwenyewe. Korosho zikaanza kuungua kwenye debe, asizigeuze.

"Ulinawa kwa kitu gani?"

"Maji."

"Na glovu?"

Asia akamwonyesha glovu.

"Kila siku nilikuona ukitoka hapa kwenda kule," mama yake alisema. "Nami sikusema neno. Vidole vyangu haviniambii kitu siku hizi, nikadhani na vyako havina kitu." Akaepua debe, akajitanda kanga. "Inuka."

"Watanipiga?"

"Sijui. Inuka."

Kwanza walimfuata Bibi Jesca, bibi afya wa kata, na Mwanakombo akamtuma kijana akamwite Bwana Jafari. Waliporudi, bajaji ilikuwa imeshafika barazani kwa Mama Vania, godoro limefungwa juu, majirani wamejaa kutazama. Asia akasema mbele ya wote: korosho, maji matupu, glovu alizozikalia, na lile neno "labda." Alisema kwa sauti moja, kama anayesoma kitabuni.

"Mtoto kafundishwa huyo amtetee jirani!" sauti ikatoka nyuma. Alikuwa mama yake Shamimu.

Asia akachomoa kijiko chenye doa. "Basi nakilamba, mwone."

Bibi Jesca akamdaka mkono. "Weka chini. Huna haja ya kuungua ndiyo uaminiwe."

Akaomba mafuta ya kula na kitambaa cheupe. Akavaa glovu, akachovya, akafuta kichwa cha kijiko. Kitambaa kikatoka na doa la kahawia. Akakipitisha kwa wanawake, akawaambia wanuse bila kugusa. Hakuna aliyehitaji kunusa mara mbili. Kila pua pale ilikuwa ya Mtwara. Kisha akachukua bunda la Vania lililobandikwa kwa uji, akafuta vilevile kwa kitambaa kingine. Hicho kikabaki cheupe.

Mama yake Shamimu akaanza kurekebisha kilemba chake, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri.

Mama Vania alimwangalia Asia. Hakupaza sauti.

"Ulisema 'labda.'"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikalala nikiamini ni kutu."

"Nisamehe, mama."

Mama Vania alimgeukia Bwana Jafari, ambaye alikuwa amevua kofia.

"Dada, nisamehe," Bwana Jafari alisema. "Leo ndiyo nimekuuliza. Lini utanifungia mzigo mwingine?"

Kabla Mama Vania hajajibu, dereva wa bajaji akapiga honi.

"Wewe, acha kelele," alimwambia. "Shusha godoro."

Mabunda yote yenye madoa yalitupwa. Yusufu na watoto wenzake walipelekwa zahanati, wakapewa dawa ya kupaka, na midomo yao ikabambuka ikapona. Mwanakombo alipita nyumba hadi nyumba na binti yake, akieleza yaliyotokea, maana uvumi ulikuwa umepita nyumba hadi nyumba. Asia hakugusa kijiko tena mpaka msimu wa korosho ulipokwisha. Siku aliyorudi barazani, Vania alimrushia glovu ndogo, za saizi yake.

"Vaa, konokono," alisema. Kwa Asia hilo lilitosha.

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebambuka, ikaota nyingine laini. Asubuhi moja aliinua sufuria ya chai kama alivyozoea. Akapiga kelele, akaiachia, chai ikamwagika jikoni kote. Akakaa chini akalia. Alilia sana, kupita maumivu ya chai ile. Alimlilia Vania na kile kijiko kilichovunjika, akamlilia Yusufu, akalilia lile neno moja.

Mama yake alimwagia maji baridi mkononi, akamwacha alie.

"Afadhali uungue, mwanangu," alisema. "Mkono wenye ganzi unaumiza wengine na mwenyewe huna habari. Na moyo nao uko hivyo. Ukiunyamazisha leo, kesho hausikii. Ukihisi kitu, shukuru, kisha useme."

Basi, wanangu mnaosoma, ya kuepuka ni haya:

Usishike chakula wala chombo cha kulia ukitoka kubangua korosho, hata kama mikono haikuwashi.

Usinawe mafuta ya ganda kwa maji matupu. Anza na mafuta ya kula, kisha sabuni, kisha maji mengi.

Usivue glovu kwa sababu mwenzako anakushinda. Kama zinapwaya, sema zinapwaya.

Usishike kijiko upande unaoingia mdomoni, hata kama hakuna anayekuona.

Usilambe wala usionje kitu ili watu wakuamini.

Usibebe neno la bombani usilojua limetoka wapi.

Usimpe jirani lawama kwa sababu wazee wake walivuka mto.

Usiseme "labda" na wewe unajua.