Dakika Tatu za Opal

Mimi ni mpishi. Nagawa chakula cha mchana katika shule ya mji wetu wa Corliss, Iowa. Mwaka wa kumi na moja sasa. Watoto wote nawajua kwa matumbo yao. Huyu hataki maharage, yule anataka mkate mara mbili.

Opal Trask nilimjua kwa sauti. Ana kigugumizi. Akifika kwangu husema, "Na-na-naomba mahindi, Bi Marlys." Foleni nyuma yake inanung'unika. Mimi nasubiri. Chakula hakikimbii.

Mwezi wa kumi Opal akaacha kusema. Akawa ananyoosha kidole tu. Mahindi, kidole. Maziwa, kidole. Nikajiuliza, mtoto huyu ana nini? Lakini sikumwuliza. Nilikuwa na masufuria ya kuosha.

Jumanne moja nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu, Duane, kasimama jikoni. Ameshika bahasha na barua. Uso umemwiva kama nyanya.

"Brenna amesimamishwa shule siku tano," akasema.

"Brenna yupi?"

"Brenna wetu! Kwani una Brenna mwingine?"

Nilikaa bila kutazama kiti, nusura nianguke. Brenna wangu? Mtoto wa miaka kumi na minne, anayeimba kanisani, anayemsomea bibi yake gazeti?

Brenna alikuwa mezani analia. "Ni utani tu, mama. Wanasema nimemwonea Opal. Tuliandika kwenye kundi letu la simu. Tena nilikuwa hapa nyumbani, Jumamosi. Simu yangu mwenyewe!"

"Umesikia?" Duane akapiga meza. "Nyumbani kwangu! Shule inatuingilia mpaka sebuleni? Hii ni Amerika. Tuna Katiba. Mtu ana uhuru wa kusema!"

Kulikuwa na jambo jingine la kumpandisha hasira. Alhamisi bodi ya shule ilikuwa ikutane kupitisha kanuni mpya. Mwanafunzi akisema neno lolote la kumuudhi mwenzake, au mfanyakazi wa shule, ataadhibiwa. Katika mikutano hiyo mwananchi akijiandikisha hupewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Duane alikuwa amekwisha kujiandikisha.

"Nitawaambia mpaka wakome," akasema.

Duane ni hodari wa kuendesha trekta. Kuandika hotuba, la. Basi tukaenda kwa jirani yetu, Bi Lorna Haugen. Bi Lorna alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu. Kazi yake ni kuoka pai za tufaha na kusahihisha watu.

Alimsikiliza Duane mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nusu ya maneno yako ni kweli. Kanuni hiyo ni mbovu. Neno la kuudhi! Nani hajawahi kuudhika? Mtoto akisema mkuu wa shule kakosea, mkuu ataudhika. Akisema dini yako haimpendezi, wewe utaudhika. Lakini hayo ni maoni. Katiba inayalinda, hata yakichoma."

"Si ndivyo ninavyosema!"

"Ngoja kwanza. Brenna aliandika nini?"

Duane akakuna kichwa. "Utani wa watoto."

"Utani gani?"

"Sijausoma."

Bi Lorna akaweka kikombe chini. "He! Unakwenda kutetea maneno usiyoyajua? Shule haikukupa nakala?"

Nakala zilikuwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyezigusa. Ama kweli nyani haoni kundule.

"Zisome," akasema Bi Lorna. "Kwa sauti. Kama ni maneno ya kutetewa mbele ya mji mzima, yaanze kusikika hapa."

Duane akavaa miwani. "'O-o-o-opal leo kajibu swali, tumetoka darasani tumezeeka.'" Akacheka kidogo. Hakuna aliyemfuata. Akaendelea. "'Nani atamrekodi kesho akisoma?' 'Nimemrekodi, sikilizeni.'" Sauti yake ikaanza kushuka. "'Opal, tufanyie hisani. Usifungue mdomo tena mpaka ufe.'"

Akavua miwani. Juu ya mstari ule lilikuwapo jina la mwandishi. Brenna.

"Endelea," akasema Bi Lorna. "Bado kurasa nne."

"Siwezi."

Kile kidole. Jamani, kile kidole! Wiki sita mtoto wa watu ananyooshea mahindi kidole mbele yangu. Na aliyemfunga mdomo nimemzaa mimi, namkaangia mayai kila asubuhi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sasa sikilizeni," Bi Lorna akasema kwa upole, barua ya shule mkononi. "Maneno haya yanamwandama mtoto mmoja. Yanarudiwa wiki baada ya wiki. Yamemfanya ashindwe kusoma kama wenzake. Hapo si maoni tena, ni uonevu. Brenna anaandika Jumamosi nyumbani, Jumatatu Opal anaogopa kujibu swali darasani. Uonevu mzito wa namna hiyo shule inaweza kuuzuia, hata ukianzia kwenye simu yako."

"Na uhuru wa kusema?" Duane akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uhuru wa nani? Brenna bado anasema. Aliyeacha kusema ni nani?"

Duane akazipanga upya zile karatasi.

Bi Lorna akaendelea. "Bibi yake Opal, aliyeleta malalamiko haya, amefanya vizuri. Hakuja kugombana mlangoni kwenu. Tazama, kila ujumbe ameutunza na tarehe yake. Akamwandikia mkuu wa shule, akataka ajibiwe kwa maandishi. Na mimi ningefanya hivyo hivyo."

Tuliporudi nyumbani nilimpa Brenna karatasi. Nikamwambia asome kwa sauti. Alifika mstari wa tatu, akaiweka karatasi mezani.

"Tangu lini Opal ananyoosha kidole akitaka chakula?" nikamwuliza.

"Sikujua ameacha kuongea, mama. Nilidhani anajidai."

"Basi leo umejua."

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa. Mlangoni nilimwona Opal na bibi yake. Karani wa bodi alikuwa akiwaambia kwamba orodha ya wasemaji ilifungwa saa sita mchana. Wakaenda kukaa nyuma kabisa.

Jina la Duane likaitwa. Akasimama mbele ya kipaza sauti.

"Nilikuja kutetea uhuru wa kusema," akasema. "Bado nautetea. Lakini binti yangu amemwonea mwenzake. Nimeyasoma aliyoyaandika. Adhabu yake ni haki. Dakika zangu nampa Opal Trask, kama anazitaka."

Opal akaja, polepole. Mwenyekiti akawasha saa.

"Mi-mi-mimi," akasema. Akavuta pumzi. "Mi-mi-mimi si-si-siitaki kanuni hii."

Tulishtuka wote. Nilidhani nimesikia vibaya. Si yeye ndiye aliyeonewa?

"I-i-inakataza ku-ku-kuudhi. Na mimi nataka ku-ku-kusema ma-mahindi ya Bi Marlys ha-ha-hayana chumvi."

Watu wote wakageuka kunitazama. Mimi! Miaka kumi na moja nawalisha!

"A-a-akiudhika, nitaadhibiwa. Ni-ni-nimeshanyamazishwa mara moja. Si-si-sitaki—"

Kengele ikalia.

"Muda umekwisha," akasema mwenyekiti.

Bi Lorna akainuka. "Mimi ni wa sita kwenye orodha. Zangu achukue."

"Na zangu," akasema mwenye duka la mbolea.

Opal alisema dakika nane. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mtu yeyote a-a-aseme maoni yake. Lakini wa-wa-waache kuniandama mimi."

Usiku ule bodi haikupiga kura. Mwezi uliofuata ilileta kanuni nyingine. Hiyo haikatazi kuudhi. Inakataza kumwandama mwanafunzi tena na tena mpaka ashindwe kusoma. Mtoto haadhibiwi kabla hajasikilizwa. Na kuikosoa shule si kosa.

Brenna alimaliza siku zake tano. Alifuta zile sauti za Opal zilizorekodiwa, akaandika kwenye kundi lile lile kwamba alikosea. Kisha akaenda kwa Opal kuomba radhi. Alirudi kanuna.

"Amesema bado hajanisamehe."

"Ana haki ya kusema hivyo," nikamjibu.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Ijumaa, kesho yake baada ya mkutano. Mahindi niliyatia chumvi, na mwiko nikaushika kwa wasiwasi. Opal akafika. Kidole chake kikainuka kidogo, kisha kikashuka. Foleni ikanung'unika. Mimi nikasubiri.

"Na-na-naomba mahindi, Bi Marlys."

Nikampakulia. Akaonja pale pale.

"Vipi leo?" nikauliza.

Akatafuna, akafikiri.

"Ba-ba-bado," akasema.

Nikachukua kopo la chumvi.