Faili Nne za Watahiniwa

Shuleni walimwita Kidole, maana hakikupita kitu mbele yake asikiguse. Mama yake alikuwa karani wa shule, na kila mchana Kidole alikula ofisini kwake, kwenye kiti kibovu kando ya kabati.

Siku hiyo mama alikuwa hoi. Kwa wiki mbili alikuwa ameandika majina ya watahiniwa na kuweka picha zao, faili moja kwa kila mkondo, faili nne kwa jumla. Zote zilikuwa kwenye flashi iliyoning'inia msumarini. Zilitakiwa kutumwa kabla ya saa kumi, na ambaye jina lake lingekosekana asingefanya mtihani.

Mama alipoitwa na mwalimu mkuu, Kidole aliichomeka flashi. Alitaka kuweka nyimbo, nafasi haikutosha, basi akaanza kuzihamishia faili zile kwenye folda yake ndani ya kompyuta. Mbili zilikwisha kuhama na ya tatu ilikuwa njiani aliposikia viatu vya mama. Akaichomoa flashi kwa pupa na kuirudisha msumarini.

Saa saba mama aliichomeka, isifunguke. Alijaribu mara tano, kisha akaketi na kufumba macho. Hakumshuku mtu. Alimpigia simu fundi wa kompyuta, akafungua ukurasa mtupu na kuanza upya kuandika jina la kwanza. Kidole alimwona akisimama kila baada ya muda kuvinyoosha vidole, naye akausogeza wali kando.

Fundi alifika saa nane, naye amechoka. Aliuliza kama flashi ilichomolewa vibaya. Mama akasema hapana, yeye huitoa kwa utaratibu, labda imezeeka tu. Fundi akasema kama ni uzee basi hakuna la kuokoa. Angeifuta yote ili ifae kwa kazi nyingine. Mama akaitikia kwa kichwa bila kugeuka.

"Usifute," Kidole alisema. "Niliichomoa mimi, faili zikiwa zinahama. Mbili zimo kwenye folda yangu ya nyimbo."

Mama aliacha kuandika. Fundi akavuta kiti. Faili mbili alizikuta nzima. Flashi aliikarabati taratibu, nayo ikarudisha ya nne. Ya tatu tu ndiyo iliyoharibika kabisa, na mama akaiandika upya huku Kidole akimsomea majina. Walituma saa kumi kasoro dakika sita.

Mama alijiegemeza kitini. "Kuharibu faili hata mimi nimewahi, mwanangu," alisema. "Lakini umekaa hapo saa nzima ukinitazama nahangaika, na dawa unayo wewe. Ukikosea, sema mapema, mtu aweze kukusaidia."

"Nisamehe, mama."

Mama alimwonyesha flashi kwa kidevu, aitoe yeye. Kidole akabofya, akangoja kompyuta imruhusu, ndipo akaichomoa.