Trekta kwa Binamu Nejib

Wakati wa mavuno ya machungwa, Wasila huamka kwanza. Huwasha jiko la gesi, hupasha mkate moto, humimina mafuta ya zeituni kwenye sahani na kuweka harissa, pilipili ya kusaga, pembeni. Mumewe Mabruk hula haraka, viatu vya shamba vikiwa tayari miguuni.

Shamba lao liko nje kidogo ya mji wa Menzel Bouzelfa. Michungwa yote ilipandwa na baba yake Mabruk. Mzee huyo alitaka miti mingi katika eneo dogo, kwa hiyo mistari yake iko karibu karibu. Punda anapita vizuri. Trekta kubwa halipiti.

Lakini trekta walilokuwa wakikodi kwa jirani lilikuwa kubwa. Kila lilipoingia kulima kati ya mistari, lilivunja matawi. Tena jirani alikuja baada ya kumaliza kazi zake zote. Mwaka ule alichelewa mpaka magugu yakafika magotini.

Wasila aliokota matawi yaliyovunjika, akayarundika ukutani.

"Tungekuwa tunauza kuni, tungeshatajirika," alisema.

Mabruk hakucheka. Jioni ile walikubaliana kununua trekta dogo, lao wenyewe. Walikuwa wameweka akiba ya mavuno ya misimu miwili. Wasila aliongeza kwa kuuza bangili zake mbili za dhahabu. Alibaki na mbili, nazo hakutaka kuziuza.

Duka la kwenda lilijulikana. Nejib, mtoto wa mjomba wake Mabruk, aliuza matrekta katika mji wa Grombalia. Mabruk alipokuwa anasoma sekondari aliishi kwa mjomba huyo. Alilala chumba kimoja na Nejib na kula sahani moja naye.

Nejib aliwapokea kwa kahawa na biskuti. Aliuliza habari za kila mtu, hata za kuku. Kisha akawaonyesha trekta jekundu lenye kijiko kikubwa mbele cha kubebea mizigo.

"Hili ndilo lenu," alisema. "Nimewaona tu mlangoni nikajua."

"Ni bei gani?" aliuliza Wasila.

Nejib aliweka mkono kifuani.

"Shemeji, mimi na Mabruk tuzungumze bei? Mama akisikia atanifukuza nyumbani. Niambieni tu, kwa mwezi mnaweza kutoa kiasi gani? Mengine niachieni mimi."

"Dinari mia tisa," Mabruk akajibu upesi. Alitaka mazungumzo yaishe.

"Basi imekwisha. Kianzio elfu ishirini, halafu mia tisa kila mwezi kwa miaka mitano. Njooni Alhamisi mtie saini."

Wasila alitaka kuuliza tena. Mabruk alikuwa ameshasimama, anamshukuru binamu yake.

Walipofika nyumbani, Wasila alivua mtandio na kukaa.

"Sokoni unabishana na muuza samaki kwa senti mbili tatu," alisema. "Kwa Nejib umekuwa bubu."

"Nejib ni ndugu. Nikimbishia bei, mjomba atakuwa ameshaambiwa kabla sijafika hapa."

"Na trekta ni bei gani?"

Mabruk aliinama kuvua viatu. Hakujua.

Kesho yake Wasila alikwenda kwa jirani yao mwingine, Bi Saluha. Mama huyo analima stroberi. Zamani, kabla ya kurudi kijijini, aliuza matrekta mjini Sousse kwa miaka kumi na miwili, na hachoki kuwaambia watu hivyo. Wasila alimkuta anapanga stroberi kwenye makasha, akamweleza yote.

Bi Saluha alichukua simu yake na kupiga hesabu.

"Mia tisa kwa miezi sitini, jumlisha kianzio. Mtatoa elfu sabini na nne."

Wasila alikaa juu ya kasha tupu.

"Nilimwuliza bei, Bi Saluha. Akaniuliza sisi tunaweza kutoa ngapi."

"Hata mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Mteja akishataja fedha ya mwezi, bei haisikii tena. Wewe unamwongezea miaka, unamwongezea na vifaa, yeye anaona mia tisa tu. Mimi mwenyewe niliwafanyia wengi, na wakanishukuru." Aliweka stroberi nyingine kwenye kasha. "Hicho kijiko cha mbele mtabebea nini?"

"Nejib alisema kinafaa."

"Kinafaa kwa mwenye ng'ombe. Ninyi mna kuku."

Siku ile ile Bi Saluha alivuka ua akaja kuzungumza na Mabruk pia. Kwanza aliwapeleka shambani, akawaambia wapime kwa kamba nafasi kati ya mistari.

"Trekta lipite hapa na nafasi ibaki pande zote mbili," alisema. "Kazi yenu ni kulima magugu na kuvuta mkokoteni wa machungwa. Mnahitaji trekta jembamba la kawaida, na mashine ya kutifua udongo nyuma yake. Kisichofanya kazi hizo msikilipie."

"Sawa," alisema Mabruk.

"Halafu nendeni kwenye maduka mengine mawili. Ulizeni trekta la aina moja, na mashine ile ile. Ulizeni bei ya mwisho, iliyo na kila kitu ndani: kulileta nyumbani, kulisajili, sevisi ya kwanza. Mwombeni kila muuzaji aiandike kwenye profoma, ile karatasi ya bei. La sivyo mmoja atawatajia bei ndogo, kisha atawadai usafiri na usajili mkishalipa. Habari ya kulipa kidogo kidogo iwe ya mwisho kabisa, bei ikishakubaliwa."

Mabruk alikuwa anachora ardhini kwa kijiti.

"Na Nejib nimwambie nini? Nimekula kwao miaka minne."

"Kumwuliza mtu bei si kumtukana," alisema Bi Saluha. "Ukitia saini kwa aibu, utanung'unika kila mwezi unapolipa. Miaka mitano unamnung'unikia ndugu yako moyoni. Utaweza kula naye tena?"

Alhamisi Mabruk hakwenda Grombalia kutia saini. Alimpigia Nejib na kumwambia bado wanafikiri. Nejib alisema, "Fikirini," kwa sauti kavu.

Walikwenda Nabeul kwanza. Muuzaji wa huko alitaja elfu hamsini. Wasila alisema ni nyingi, akanyamaza. Muuzaji akashuka hadi arobaini na nane. Labda angeshuka tena, lakini Mabruk alikuwa ameshapanda kwenye kiti cha trekta, anashika usukani na kutabasamu.

"Hili ni zuri sana," alisema.

Muuzaji naye akatabasamu. Bei haikushuka tena.

"Siku nyingine utanisubiri nje," Wasila alimwambia walipotoka.

Sousse walipata elfu arobaini na tano. Mabruk alikaa mbali na matrekta, mikono mfukoni. Wasila aliuliza kuhusu matengenezo. Fundi wa duka lile alikuwa Sousse tu, na mteja alitakiwa kulipeleka trekta mwenyewe. Trekta likiharibika katikati ya mavuno, siku mbili zingepotea njiani. Walichukua profoma zote mbili wakarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa Nejib. Kahawa ililetwa. Mabruk hakuigusa.

"Nejib," alisema, "hatuhitaji kijiko cha mbele. Tunataka trekta jembamba na mashine ya kutifua. Nabeul wametuambia arobaini na nane, Sousse arobaini na tano, kila kitu ndani. Wewe bei yako ni ngapi?"

Nejib aliweka kikombe chake mezani.

"Umekwenda Nabeul?"

"Nimekwenda."

"Kwa watu baki. Umewauliza watu baki, halafu unaniletea karatasi zao mimi, niliyekuachia kitanda nikalala chini."

Wasila alimwona mumewe anatafuta maneno, akaamua kutomsaidia.

"Kitanda sijakisahau," Mabruk alisema mwishowe. "Ndiyo maana nimerudi kwako. Nataka nilipande trekta hili bila kinyongo. Niambie bei, kama ni ya haki nitalipa leo."

Nejib alisimama. Alisema ana mteja uani, akatoka. Walimngoja mpaka kahawa ikapoa. Hakurudi. Wakachukua karatasi zao na kuondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kwa Mabruk. Aliamini amevunja undugu kwa ajili ya chombo cha chuma. Wasila naye alianza kujiuliza kama fedha ya bangili mbili ilistahili ugomvi huo.

Kisha mjomba akapiga simu. Mabruk alisimama alipoliona jina lake, kama vile mzee yuko mbele yake.

"Nimesikia ulikwenda dukani kwa Nejib na bei za watu," alisema mjomba.

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nisikilize. Mimi niliuza viatu miaka mingi. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuniuliza bei. Waliona aibu. Unajua walifanya nini? Walinunua kwa wengine, kimya kimya, na kwangu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Ndugu zangu wenyewe. Wewe umeuliza, na umerudi. Nimemwambia Nejib hivyo hivyo."

Mabruk alishukuru. Simu ilipokatika alibaki ameishika.

Nejib mwenyewe alipiga baada ya chakula cha jioni. Hakuuliza habari za kuku.

"Arobaini na saba," alisema. "Trekta, mashine ya kutifua, usajili, na nakuletea mpaka shambani. Arobaini na tano siwezi. Nina mafundi wawili na kodi ya duka. Nikikuuzia kwa bei hiyo, nauza bure."

Mabruk alimtazama mkewe. Hakujua aseme nini, kwa hiyo hakusema kitu.

"Haya," alisema Nejib, "na sevisi mbili za kwanza."

Mabruk bado alikuwa anatafuta maneno.

"Na chujio za mafuta za mwaka mzima. Mabruk, upo?"

"Nipo," alisema Mabruk. "Nimekubali."

Wasila alikuwa anasikia. Sousse ilikuwa rahisi zaidi kwa elfu mbili. Lakini fundi wa Nejib angefika shambani kwa nusu saa, na sevisi mbili nazo zina thamani yake. Alitikisa kichwa kukubali.

Safari hii walisoma kila mstari kabla ya kutia saini. Bei ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Usafiri, usajili, sevisi na chujio, vyote vilikuwemo. Ndipo wakazungumzia malipo. Walitoa kianzio kikubwa kuliko kile cha kwanza. Deni lililobaki lilikuwa la miaka miwili, si mitano. Bangili mbili zilibaki mkononi mwa Wasila.

Nejib alileta trekta mwenyewe. Alikuwa mkavu kidogo mwanzoni. Wasila alipoleta kuskusi ya samaki alikaa, akala, akaomba pilipili zaidi. Kabla ya kuondoka alimfundisha Wasila kuendesha, kwa sababu Mabruk alikuwa analiendesha kwa woga, kama mtu aliyebeba mayai. Majira ya machipuko yalipofika, Wasila ndiye aliyelima kati ya mistari. Magugu yaliisha kwa siku tatu. Miti ilichanua, na ukutani hapakuwa na rundo la matawi.

Jioni moja Mabruk alikuwa mkahawani na wakulima wenzake. Habari za trekta zilikuwa zimeenea. Mmoja wao, Shedli, alikuwa na michungwa iliyobanana vile vile.

"Mabruk, lile trekta umelipata kwa ngapi?"

Pale mkahawani mtu akiulizwa swali hilo husema tu kwamba Mungu amejalia, kisha huuliza habari za mvua. Aliyelipa nyingi huona aibu, na aliyelipa kidogo huogopa kijicho. Wengine walingoja Mabruk aseme hivyo.

"Elfu arobaini na saba, kwa Nejib," alisema Mabruk. "Na mashine ya nyuma, usajili, kuletewa, sevisi mbili na chujio za mwaka. Nabeul walitaka arobaini na nane. Sousse arobaini na tano, lakini fundi wao yuko mbali."

Wawili kati ya wakulima wale walikuwa wamenunua matrekta madogo mwaka uliopita. Mmoja alimaliza kahawa yake kwa mkupuo, akaaga, akaenda nyumbani. Wa pili alibaki anazungusha kikombe chake.

Shedli alivuta kiti karibu na Mabruk.

"Rudia tena," alisema. "Polepole."