Nitazame Mimi Kwanza

Mnisamehe mapema, hii nitaisimulia vibaya. Habari za majini zinataka mtu wa sauti nzito na uso wa msiba, nami nina sauti ya mpiga debe, halafu nikiogopa ndipo ninapocheka. Anayetaka kuondoka aondoke. Wengine sogeeni.

Kajetani, fundi cherehani wa mtaa wa Mfaranyaki, kope zake za juu zilikuwa zimelegea hadi zikafunika nusu ya mboni. Alishona ameinua kidevu kama mtu anayenusa mvua. Siku alipomkabidhi mteja shati ambalo mkono mmoja umeshonwa ukazibwa kabisa, alikubali kwenda kupasuliwa. Hospitali wakampa masharti: aache aspirini, aache ugoro maana chafya itakata nyuzi, asiiname, asijikune.

"Mnanitibu kope au mnanifunga jela?" aliuliza.

Alirudi na bandeji macho yote mawili, akalazwa chali juu ya lundo la mito. Mkewe, Fortunata, akarudi dukani kwake, kwa sababu unga haujiuzi wenyewe. Kwa Kajetani ikawa giza mchana kutwa.

Majirani wakaja kumpa pole, kama ilivyo ada. Akisikia "hodi" anajibu "karibu", hata hajui anamkaribisha nani. Ila mmoja hakuja na hatua. Hodi ilisikika, karibu ikajibiwa, na papo hapo kiti cha kando ya kitanda kikalia kama kimekaliwa.

"Pole," sauti ilisema.

"Nishapoa. Nani mwenzangu?"

"Pole."

Chumba kikanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Kajetani hakujali, alikuwa amepata masikio. Alimlalamikia mgeni yule kutwa nzima: nyuzi zinawasha, mito inamvunja shingo, mwanamke amemfichia ugoro. Kesho yake mgeni akarudi, akamsikiliza tena mpaka jioni. Ndipo aliposema neno jipya.

"Wakikufungua, nitazame mimi kwanza."

"Wewe tu, ndugu yangu. Hao wengine wanakunywa chai wanaondoka."

Fortunata akaingia. "Baba Edna, unaongea na nani?"

"Na mgeni. Mletee chai."

Fortunata akamwinamia sikioni. Alinong'ona. "Leo nilikufungia kwa nje ili upumzike. Ufunguo ninao mkononi."

Kiti kikalia tena, taratibu, kama mtu anayejiweka vizuri.

Walimwita Shehe Muhsini, jirani yao, mzee wa Tunduru. Alisimama mlangoni, akanusa, akashusha sauti.

"Umemwahidi nini?"

"Nimtazame wa kwanza. Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Huyo anatafuta makao. Jicho likifunguliwa likamwona yeye kabla ya binadamu, atakaa humo na hutoona kitu bila kumwona yeye. Kesho bandeji ikitoka, fumba macho mpaka nimalize kusoma, kisha fumbua umtazame mkeo. Kufumba tu, Kajetani. Hata mtoto anaweza."

Asubuhi Muhsini akaanza kisomo, Fortunata akafungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko.

"Fumba, Baba Edna."

"Nimefumba."

"Hujafumba."

"Nimefumba, mwanamke."

"Mbona weupe unaonekana?"

Kajetani akabana kwa nguvu zake zote, akabana mpaka mashavu yakapanda na nyuzi zikamchoma, na bado kope zile mpya, zilizovutwa juu zikakazwa, zikaacha mwanya mwembamba kama chini ya mlango, na kwenye mwanya ule mwanga ukaingia, na kwenye mwanga kikaingia kiti, na juu ya kiti magoti mawili yamebanwa kwa adabu kama ya mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na juu ya magoti, huku kisomo kikiendelea na Fortunata akilia pembeni, uso uliotulia wenye macho mawili makavu yasiyo na kope kabisa, yakimtazama kwa shukrani.

"Ahsante," mgeni alisema.

Muhsini akafunga msahafu.

Tangu hapo Kajetani anatunga uzi kwenye sindano bila shida, ila ng'ambo ya sindano kuna uso. Akilala, mwanya unabaki, na mgeni amekaa ndani yake. Alirudi hospitali amefura kwa hasira.

"Daktari, umevuta mno. Hazifungi. Nalala nikitazama. Hii kazi gani?"

"Zitalegea, mzee wangu. Lakini mimi kwenye meza ya upasuaji nilikuuliza, inatosha? Ganzi ilikuwa kwenye kope, mdomo ulikuwa mzima. Nani alisema, ongeza daktari, vuta mpaka nione milima ya Matogoro?"

"Mimi sikusema hivyo."

Daktari akageuka ghafla kutazama kiti cha ndugu wa mgonjwa. Kilikuwa kitupu, na sauti ya yule mgeni ilitokea hapo.

"Ni yeye aliyesema. Nilikuwepo."