Ubeti wa Mdogo Wake Matroni

Ijulikane kwa wote watakaosoma, wa leo na wa vizazi vijavyo, kwamba taarifa hii ya upelelezi imeandikwa na mtu mtulivu, mwadilifu, asiyependelea upande wowote. Imeandikwa pia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kidole gumba cha kulia kilichanika Jumanne kwenye dirisha la bweni, dirisha ambalo mwandishi hakuwa na sababu yoyote ya kulipitia.

Alhamisi, saa kumi na dakika tano alasiri, kidato cha tatu kizima kilikaa kwenye chumba cha muziki kusikiliza kaseti. Mwimbaji alikuwa mdogo wake Matroni, yule anayesimamia zahanati ya shule. Alirekodi nyimbo tatu za asili, yeye na gitaa lake, akafariki mwezi uliofuata akiwa na miaka ishirini na mmoja. Nakala nyingine haikuwepo. Fundi alikuwa aje Jumamosi kuihamishia kwenye kompyuta.

Wimbo wa kwanza ulikuta watu wakikanyagana miguu chini ya madawati. Wa pili, hakuna aliyecheka. Sauti yenyewe haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa kama mtu anayekusemesha ukiwa umempa mgongo. Wimbo wa tatu ulipokatika, kukawa kimya. Kisha ikaja pumzi nzito, karibu mno, na mnong'ono.

"Dada. Nifungulie mlango."

Matroni alikuwa kiti cha mbele. Funguo zilimponyoka.

"Nakuja," akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akainuka, akaenda mlangoni, akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Alisimama pale akishika kitasa mpaka Mwalimu wa muziki akamrudisha kitini.

Aliyeitwa kupeleleza ni Mkutubi wa shule, mama mmoja mdogo wa umbo aliyewahi kumkamata mwizi wa kamusi kwa kunusa kurasa tu. Aliichomoa kaseti, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mtu amerekodi juu yake," akasema. "Matroni, vijiplastiki hivi vya mgongoni ulivivunja wewe?"

"Siku ya mazishi. Vikivunjwa, mashine haikubali kurekodi."

"Haikubali mpaka tundu lizibwe. Hili limezibwa."

Akachokonoa kwa ncha ya kalamu. Kikatoka kipande cha plasta, ile ya zahanati, kimekatwa kwa mkasi.

Ijumaa, saa nne kasoro robo, walikutana maktaba: Mkutubi, Matroni na daftari lake la zahanati, Mwalimu wa muziki, mlinzi wa geti, na karani wa kikao, mwanafunzi aitwaye Askofu kwa ajili ya uso wake mzito. Mkutubi alimteua mwenyewe. Askofu alidhani ni heshima.

"Kaseti imekuwa chumba cha muziki tangu Jumatatu," Mkutubi akaanza. "Soma waliopewa plasta wiki hii."

Askofu akasoma kwa madaha. "Wawili. Mwalimu wa muziki, kidole, waya wa gitaa. Mlinzi, kisigino."

"Mzee wangu," Mkutubi akamgeukia mlinzi, "ufunguo wa chumba unakaa kwako."

"Unakaa kwangu, na plasta yangu inakaa kwangu. Nivue kiatu?"

"Si lazima."

"Mmenituhumu, mtaiona."

Akavua. Plasta ilikuwepo, nzima. Dirisha likafunguliwa haraka.

"Mwalimu, yako iko wapi?"

"Niliitupa, mama."

"Wapi?"

"Nani anakumbuka alipotupa plasta?"

"Jumatatu ulimwomba Matroni akuachie kaseti moja kwa moja."

"Nilimwomba. Akakataa."

Kwenye daftari la kikao, Askofu akaandika MTUHUMIWA kwa herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili.

"Wimbo wa tatu unaishaje?" Mkutubi akauliza polepole.

"Hauishi pale mliposikia jana," Mwalimu akasema. "Anakaa kimya kitambo, anatafuta pumzi. Alikuwa anaumwa kifua. Halafu anarudi na ubeti wa mwisho. Niliijaribu Jumatatu, nilipomsikia anaanza na neno 'dada', nikazima. Haukuwa wangu."

"Kwa hiyo aliyerekodi alidhani wimbo umekwisha. Alisikia kimya, akaona nafasi tupu. Wewe unajua kwamba si tupu." Mkutubi akavua miwani. "Askofu, mwanangu, sasa soma jina la tatu."

"La tatu lipi, mama?"

"Ulilolifunika kwa kiwiko. Mimi na Matroni tulilisoma kabla hujaingia. Na ukimaliza, tuonyeshe hicho kidole gumba. Plasta yake ina pembe tatu. Ya nne nimeishika mimi."

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa neno "mwandishi", na kwa neno "Askofu" pia. Ni mimi. Dirisha lilikuwa la chumba cha muziki, si la bweni. Jumanne nilikuta vijiplastiki vimevunjwa, nikatoka na kidole kinachovuja damu. Jumatano, wakati wa michezo, nikarudi na plasta, na nilipomaliza nikaiacha mashine irekodi mpaka kanda ikaisha. Nilitaka darasa lipige mayowe, lisimulie mpaka tumalize shule. Kwamba Matroni angekaa mbele nilijua. Hilo ndilo lililonichekesha zaidi nilipokuwa nanong'ona.

Nikayasema yote hayo. Matroni hakunikaripia.

"Miaka kumi na tisa nimekuwa nikifika kwenye kile kimya, nazima," akasema. "Aliniambia, ubeti wa mwisho ni wako, dada, usikilize siku ukiweza. Nikaona nikizungukwa na watoto nitaweza." Akanitazama. "Kabla hujabonyeza. Hukusikia hata neno moja?"

Mimi naiga sauti ya mtu yeyote. Ubeti ulikuwa umeshajipanga mdomoni mwangu, mzuri, unaanza na neno dada, na chumba kizima hapakuwa na mtu wa kuupinga. Matroni alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, anasubiri.

"Hapana, Matroni," nikasema. "Sikusikia kitu."